Kabla Hujatia Saini Barua ya Kumwondoa Kocha wa Mashambulizi

Swali: Kocha, salaam. Naishi Texas na familia yangu. Mwanangu anacheza futiboli ya Kimarekani katika timu ya shule yake ya sekondari, nafasi ya mpokeaji wa pasi, na Agosti ijayo anaanza mwaka wake wa mwisho. Mwaka jana timu ilishinda michezo 9 na kupoteza 3. Msimu huu, chini ya mratibu mpya wa mashambulizi mwenye miaka 27, tumeshinda 4 na kupoteza 6, na minne kati ya hiyo 6 tumepoteza kwa pointi 7 au pungufu. Kila jaribio la kwanza anakimbiza mpira katikati. Katika mchezo wa mwisho tulihitaji tachidauni, yaani kuvusha mpira mstari wa mwisho wa wapinzani, ili tushinde, tulikuwa yadi 9 kutoka mstarini, ikabaki dakika moja na nusu. Akakimbiza katikati mara mbili, mara zote mbili wakagonga ukuta, kisha pasi mbili zikaanguka chini. Ni kweli kwamba vijana wanne kati ya watano wa safu ya mbele walihitimu mwaka jana, lakini si ndiyo kazi ya kocha kutafuta njia? Wazazi wameandika barua ya kutaka aondolewe na wananisubiri nitie saini. Je, nitie? Au nimhamishe mtoto shule?

Jibu: Ndugu yangu, nianze na sentensi uliyoipitia haraka, kwa sababu kwangu ndiyo nzito kuliko zote ulizoandika: vijana wanne kati ya watano wa safu ya mbele, wale wanaowazuia walinzi wa mpinzani, walihitimu. Wasiwasi wako ni wa haki. Mwanao amebakiwa na msimu mmoja tu, timu imepoteza michezo iliyokuwa mikononi mwake, na mtu unayemwona pembeni mwa uwanja akiwa na karatasi ya mbinu ni kijana ambaye angeweza kuwa mdogo wako wa mwisho. Ni rahisi kuyaunganisha mambo hayo matatu yakatoa jibu moja. Nimefundisha mchezo huu kwa miaka mingi, na naona jibu hilo limekuja kabla ya wakati wake.

Tuanze na kazi yenyewe. Timu inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Ikifaulu hupewa mengine manne, na ikishindwa mpira huenda kwa wapinzani. Kwa kila jaribio mratibu huchagua mbinu moja, na kila mmoja wa wachezaji 11 ana wajibu wake ndani ya mbinu hiyo. Walio jukwaani hudhani kwamba uchaguzi huo hufanyika papo hapo, kama mchezaji wa bao anavyokusanya kete na kuamua shimo la kuanzia. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya uchaguzi huwa imekwisha kufanyika kabla ya siku ya mchezo, makocha wanapotazama video za mpinzani na kugawa karatasi yao mafungu: mbinu za jaribio la kwanza, za jaribio la tatu likibakiwa na yadi chache, za jaribio la tatu likibakiwa na yadi nyingi, za karibu na mstari, na za dakika za mwisho. Bill Walsh, aliyeifundisha timu ya kulipwa ya San Francisco katika miaka ya 1980, alijulikana kwa kuandika mapema orodha ya mbinu za kufungulia mchezo na kuifuata, ili hofu na makelele ya uwanjani visimharibie fikra. Mchezo unapochezwa, mratibu ana sekunde chache tu, zisizofika 40, za kusoma kilichotokea, kuchagua, kutuma ishara, na kuwaacha vijana wajipange.

Juu yake yupo kocha mkuu, ambaye ndiye huamua timu iwe ya kukimbiza au ya kurusha, na lini wajasirie jaribio la nne badala ya kupiga teke. Chini yake yupo kwotabeki, mchezaji anayeanzisha kila mbinu na kurusha pasi, ambaye mara nyingi huruhusiwa kubadilisha mbinu akiona walinzi wamejipanga vibaya kwake. Kwa hiyo unaposema kwamba mratibu alikimbiza katikati mara mbili, huenda unazungumzia uamuzi wake, au agizo la mkubwa wake, au mabadiliko ya kijana wa miaka 17 aliyesimama nyuma ya safu. Ukiwa jukwaani huwezi kuyatofautisha hayo matatu, na barua ya wazazi nayo haiwezi.

Kwa kuwa unaishi Texas, nitakupa mfano wa Texas. Mwaka 2019 timu ya kulipwa ya Dallas Cowboys ilimkabidhi Kellen Moore uratibu wa mashambulizi akiwa na miaka 30 tu. Alikuwa amestaafu kucheza si muda mrefu, na uzoefu wake wote wa ukocha ulikuwa msimu mmoja wa kufundisha makwotabeki. Timu ilishinda michezo mitatu ya kwanza na watu wakamwita mwerevu. Kisha ikapoteza mitatu mfululizo, na mwisho wa msimu ikawa imeshinda 8 na kupoteza 8, ikakosa hatua ya mtoano. Jambo lililowaumiza mashabiki ni kwamba mashambulizi yake yalikuwa ya kwanza katika ligi nzima kwa jumla ya yadi. Kwotabeki Dak Prescott alirusha yadi 4,902. Timu ilifunga pointi 434 na kufungwa 321. Timu yenye pengo la pointi 113 kwa kawaida haibaki nyumbani Januari, wakati wa mtoano.

Ukiipekua michezo 8 waliyopoteza, utaona kwamba 6 ilipotea kwa pointi 8 au pungufu, ilhali katika michezo waliyoshinda ni mmoja tu uliokuwa wa karibu hivyo, ule wa Detroit wa 35 kwa 27. Mpiga mateke wao alikosa mateke 10 kati ya 30, akaachishwa kazi Desemba. Kule New England walipoteza 13 kwa 9 baada ya teke lao kuzuiwa karibu na mstari wao na kuwazalia wenyeji tachidauni. Katika mchezo huohuo, wakiwa nyuma kwa pointi 7, wakiwa yadi 11 kutoka mstarini na dakika zipatazo 6 zimebaki, walichagua teke la pointi 3 badala ya kujaribu jaribio la nne. Uamuzi wa namna hiyo ni wa kocha mkuu, lakini kesho yake hasira iligawanywa kwa kila mwenye karatasi mkononi.

Mchezo unaofanana na wako ni ule wa Novemba 2019 dhidi ya Minnesota, nyumbani kwao Arlington, Texas. Dallas walikuwa nyuma 28 kwa 24. Prescott alikuwa ameupasua ulinzi usiku ule, akamaliza na yadi 397, na sasa walikuwa yadi 11 kutoka mstarini, jaribio la pili, wakihitaji yadi 2 tu ili wapewe majaribio mengine manne. Mbinu zilizofuata zilikuwa mbili za kumkimbiza Ezekiel Elliott, ya kwanza haikuzaa kitu, ya pili ikarudi nyuma yadi 3. Pasi ya jaribio la nne ikazuiwa. Elliott alikuwa mmoja wa wakimbiaji bora wa ligi, lakini usiku ule alikimbia mara 20 kwa yadi 47 tu, na ulinzi ulikuwa umejipanga kumkabili yeye. Mimi nasema uchaguzi ule haukuwa mzuri, na sijabadili maoni. Hata hivyo kocha mkuu mpya, Mike McCarthy, alipoingia Januari 2020, alimbakiza Moore na kumwachia uchaguzi wa mbinu. Mwaka 2021 Dallas ikawa ya kwanza katika ligi kwa pointi na kwa yadi pia.

Sitaki uondoke na hadithi tamu kuliko ukweli, kwa hiyo naikamilisha. Msimu huohuo wa 2021 walitolewa na San Francisco nyumbani kwao, 23 kwa 17. Mwaka uliofuata wakatolewa na San Francisco tena, 19 kwa 12, na Januari 2023 Moore na Dallas wakaachana. Alikwenda Los Angeles kwa Chargers, na timu ile ikamaliza kwa ushindi wa michezo 5 na vipigo 12. Kisha akaenda Philadelphia, na Februari 9, 2025 timu yake iliifunga Kansas City pointi 40 kwa 22 katika fainali ya Super Bowl, naye akachukuliwa kuwa kocha mkuu wa New Orleans. Timu ile ya Philadelphia ilikimbiza mpira zaidi ya kuurusha, na Saquon Barkley akapita yadi 2,000 za kukimbia. Mtu aliyelaumiwa Arlington kwa kukimbiza mpira alitwaa ubingwa kwa kuukimbiza. Alikuwa amekomaa, ni kweli, lakini pia alikuwa na safu ya mbele ambayo makocha wengi wangetamani kuifundisha.

Hapo ndipo tunaporudi kwa wale vijana wanne waliohitimu. Pasi ya mbali inahitaji safu ya mbele izuie kwa sekunde tatu hivi, wakati mpokeaji anakimbia na kwotabeki anatafuta. Mkimbio wa katikati unahitaji wazuie kwa sekunde moja au moja na nusu. Mratibu mwenye vijana wapya wanne mbele ana njia chache za kuwaficha, na mojawapo ni kutumia mbinu zinazokwisha haraka. Katika ligi ya kulipwa ni kweli kwamba pasi kwa wastani huleta yadi nyingi kuliko mkimbio, na huenda umewasikia watangazaji wakilisema hilo kila Jumapili. Kwenye sekondari hesabu hiyo hubadilika, kwa sababu kwotabeki ni mtoto, pasi zake hunyakuliwa na wapinzani kwa urahisi, na akiangushwa nyuma ya mstari timu hupoteza yadi 7 au 8 kwa mara moja. Inawezekana kabisa kwamba mtu unayemlaumu kwa kutomrushia mwanao mipira ya mbali alikuwa akimlinda mtoto wa mwenzako asivunjwe mbavu.

Kuna na suala la nafasi. Uwanja una upana wa yadi 53 na theluthi moja, na nyuma ya mstari wa tachidauni kuna yadi 10 tu kabla ya uwanja kwisha. Mpira ukiwa katikati ya uwanja, walinzi hulazimika kuilinda nafasi ya yadi 60 kwenda mbele, na kasi ya mpokeaji huwatisha. Mpira ukiwa yadi 9 kutoka mstarini, wanalinda yadi 19 basi. Mlinzi wa mwisho haogopi kupitwa, anasogea mbele, na kile ambacho mpokeaji mwepesi huuza, yaani hofu ya kuachwa nyuma, hakina mnunuzi. Ndiyo maana timu inaweza kukusanya yadi nyingi na kubaki na pointi chache. Safu ya mbele dhaifu huumia zaidi hapo, kwa kuwa walinzi wamerundikana.

Je, mratibu wenu alikosea katika mbinu zile mbili? Kwa maelezo yako, naamini alikosea katika ya pili. Ya kwanza naweza kuitetea: bado yalibaki majaribio manne na dakika moja na nusu, na mkimbio mmoja humlazimisha mpinzani aonyeshe amejipanga vipi. Ya pili, baada ya kuona ukuta ule, mimi ningetumia hadaa: kwotabeki ajifanye anampa mkimbiaji mpira, walinzi wakimbilie katikati, kisha arushe pasi fupi pembeni. Hadaa hiyo hufanya kazi hasa pale mpinzani anapoamini kwamba unakimbiza kila mara. Kukosea vile usiku mmoja ni jambo la kumkalisha kijana chini na kumfundisha. Sijaona bado kwamba ni jambo la kumfukuzia.

Makosa ya kweli ya waratibu vijana nayafahamu, kwa sababu mengine niliyafanya. Msimu wangu wa kwanza wa kuchagua mbinu nilijaza karatasi pande zote mbili, nikidhani wingi ndio maarifa, na vijana wangu wakawa wanaingia uwanjani wakitazamana. Kocha mzee niliyefanya naye kazi alichukua kalamu akafuta zaidi ya nusu, akaniambia nifundishe zilizobaki mpaka wazicheze bila kufikiri. Kosa jingine ni kung'ang'ania mpango wa juma zima hata mpinzani anapoonyesha sura ambayo hukuitarajia. Lingine ni kusahau kilichofaulu: mbinu inaleta yadi 12 katika robo ya kwanza, haionekani tena hadi kipenga cha mwisho.

Haya unaweza kuyachunguza mwenyewe, na nakuomba ufanye hivyo kabla ya kushika kalamu. Chukua video za michezo mitatu: mmoja wa mwanzo wa msimu, mmoja wa katikati, na ule wa mwisho. Andika kila jaribio la kwanza wakati tofauti ya pointi bado ni ndogo: walikimbiza au walirusha, na waliambulia nini. Umeniambia ni kila mara. Sikukatalii, lakini kumbukumbu hushika yaliyouma, na wanaohesabu mara nyingi hupata idadi tofauti na waliyoikumbuka. Kisha tazama kama kipindi cha pili kina kitu ambacho cha kwanza hakikuwa nacho. Tazama kama zipo pasi zinazoanza kwa sura ileile ya mikimbio, maana huo ndio ufundi wa kumfanya mlinzi asite. Na zaidi ya yote linganisha mchezo wa mwanzo na wa mwisho. Kijana anayejifunza huacha alama kwenye video: mbinu zilizoshindwa hupungua, zilizofaulu huvishwa nguo mpya. Ukikuta mchezo wa kumi ni nakala ya mchezo wa kwanza, hapo malalamiko yenu yana miguu, na nitakuwa wa kwanza kukubaliana nawe.

Kuhusu barua, ushauri wangu ni kwamba usitie saini. Sizungumzii adabu tu. Mratibu huyu kwa kawaida amechaguliwa na kocha mkuu, na barua ya wazazi humlazimisha kocha mkuu amtetee hadharani mtu ambaye faraghani huenda alikuwa tayari kumrekebisha. Pia mratibu mpya huja na lugha mpya: majina ya mbinu, ishara za mikono, hatua za wapokeaji, vyote vinaanza upya. Mwanao alijifunza lugha moja chini ya mratibu aliyetangulia, ya pili msimu huu, na mnataka kumpa ya tatu katika mwaka wake wa mwisho. Yule kijana mmoja wa safu ya mbele aliyebaki na wale wanne wapya waliohangaika msimu huu sasa wana msimu mzima wa kucheza pamoja, na huo ni mtaji ambao barua yenu inaweza kuutawanya.

Najua subira ina gharama, na gharama hiyo hailipwi na kocha. Moore alipewa msimu wa pili, wa tatu na wa nne. Mwanao hana hiyo mitatu. Kama msimu ujao utakuwa kama huu, hakuna atakayemrudishia. Sina maneno ya kuliondoa hilo, na mzazi anayeamua kutosubiri simlaumu. Nasema tu kwamba kubadilisha mratibu sasa nako ni kamari, na inachezwa kwa mtaji uleule wa msimu mmoja.

Kuhamisha shule ni jambo zito zaidi kuliko linavyosikika kwenye mazungumzo ya maegesho ya magari. Chombo kinachosimamia michezo ya shule za umma Texas, UIL, kina kanuni kwamba mwanafunzi aliyebadilisha shule kwa sababu za kimichezo anaweza kuzuiwa kucheza timu ya kwanza kwa mwaka mmoja angalau. Kwa mtoto wa mwaka wa mwisho, hiyo ni sawa na kumaliza. Usitegemee ushauri wa mtandaoni katika hilo, hata huu wangu. Mwone mkurugenzi wa michezo wa wilaya yenu ya shule ana kwa ana, umweleze hali yenu kamili, kabla hujasaini mkataba wa nyumba mahali pengine.

Yapo mambo ambayo hayangoji video wala msimu kwisha. Kama mratibu huyu anawadhalilisha vijana kwa matusi, kama amemrudisha uwanjani mtoto aliyegongwa kichwa bila kuonwa na mhudumu wa afya, au kama mwanao ameanza kulala vibaya na kuchukia chakula kwa sababu ya mazoezi, nenda kwa kocha mkuu wiki hiyohiyo, usiposikilizwa mwone mkurugenzi wa michezo, na mtoto apelekwe kwa daktari. Hayo hayana uhusiano na kukimbiza au kurusha.

Yasipokuwepo hayo, omba miadi na kocha mkuu sasa msimu umekwisha. Usiende na orodha ya mbinu zilizoshindwa, maana atajifunga kama mlango. Mwulize safu ya mbele inajengwaje kabla ya mazoezi ya majira ya kuchipua, na mwanao anatakiwa aongeze nini ili apate mipira zaidi: uzito, mikono, au kujifunza kumzuia mlinzi wakati mwenzake anakimbia. Lakini kabla yako, mwanao aende mwenyewe kwa mratibu, bila wewe. Amwombe nusu saa watazame pamoja majaribio yale manne kuanzia yadi 9, na amwulize kwa heshima aliona nini kwa walinzi kabla ya mpira kutolewa. Kama kijana huyo wa miaka 27 atasimamisha picha, aonyeshe walinzi walivyosogea, na aseme mahali alipokosea na atakachochagua safari nyingine, mwanao yuko na mtu wa kufanya naye kazi hadi Novemba. Kama atasema vijana ndio walioshindwa kuzuia, na kuizima video, niandikie tena, nami nitakusaidia kuandaa maneno ya kumwambia kocha mkuu.